Protini ya p16 na masikio ya dalali wa Feri: uchambuzi wa kisa cha saratani ya koo

Kisa hiki kinamhusu mwanaume wa miaka 54, dalali wa samaki katika soko la Feri, Magogoni, Dar es Salaam, aliyegundulika na saratani ya koo iliyoanzia kwenye tonsili ya kushoto. Nakiandika kwa sababu zimekutana ndani yake habari mbili ambazo kwa kawaida husomwa na watu tofauti katika vyumba tofauti: jibu la maabara kuhusu protini inayoonyesha mwelekeo wa ugonjwa, na mchoro wa kipimo cha usikivu. Hoja yangu ni kwamba jibu zuri la protini halipunguzi uzito wa suala la masikio bali huuongeza, kwa kuwa mtu anayetarajiwa kuishi miaka mingi baada ya matibabu ndiye atakayeishi miaka hiyo yote na masikio tutakayomwachia. Mgonjwa ameridhia kisa chake kiandikwe, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa.

Historia ya ugonjwa

Uvimbe ulianza chini ya taya, upande wa kushoto, nao haukuuma. Kwa kuwa haukuuma aliuita mtoki akauacha. Ulipoanza kuonekana hata akiwa amevaa shati la kola, alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi bila kuchukuliwa kinyama wala kuchomwa sindano ya kunyonya chembe za uvimbe. Alimaliza dozi ya miezi sita kwa uaminifu, na uvimbe ukaendelea kukua. Katika nchi yenye TB nyingi kama yetu, dhana ile ilikuwa na sababu yake, maana uvimbe wa shingo kweli mara nyingi huwa ni TB. Lakini uvimbe wa shingo usiouma, kwa mtu aliyevuka miaka 40, unastahili kuchunguzwa na koo kutazamwa kwa taa kabla ya dozi, si baada yake.

Alipofika kwetu, tonsili ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia, ngumu chini ya kidole, na ina kidonda kidogo ambacho yeye alikihisi kama mwiba wa samaki uliokwama. Kinyama kilionyesha saratani ya seli bapa. Picha za CT zilionyesha uvimbe wa tonsili wa kiasi cha sentimita 3, tezi moja ya shingo ya sentimita 4 upande uleule, na mapafu yasiyo na dalili za kusambaa kwa ugonjwa, ingawa yalikuwa na makovu ya zamani. Figo zilikuwa sawa, na kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Pombe hanywi. Sigara alivuta ujanani kwa miaka michache akaacha, kiasi kisichofikia pakiti moja kwa siku kwa miaka 10, kipimo ambacho tafiti hukitumia kutenganisha wavutaji wa saratani hizi.

Yale makovu ya mapafu ndiyo yaliyotufanya tumuulize zaidi. Akasema aliwahi kuugua TB, akapona, ikamrudia, na ile mara ya pili akachomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Ndio uliokuwa utaratibu wa wakati ule kwa wagonjwa wa marudio, na Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika miongozo yake mwaka 2017. Tangu zile sindano, alisema, masikio yake yanavuma usiku, na akipanda mashua alfajiri kabla hakujapambazuka ni lazima ashike kitu, maana gizani huyumba. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari hizo, naye hakuona zinahusiana vipi na koo.

Protini moja, hatua mbili za ugonjwa

Maabara ilipaka kinyama rangi kwa kingamwili ili kutafuta protini iitwayo p16, na jibu likaja chanya. Protini hii ni breki ya kawaida ya seli, yenye kazi ya kuizuia isigawanyike ovyo. Virusi vya HPV (virusi vya papiloma ya binadamu) vya aina hatari, hasa aina ya 16, vinapojificha ndani ya seli za tonsili au shina la ulimi, hutengeneza protini yao iitwayo E7 ambayo huivuruga protini nyingine ya seli, Rb, inayosimamia mgawanyiko. Seli hujibu kwa kurundika p16 nyingi, lakini ni breki isiyokamata tena, kwa sababu kile ilichopaswa kukizuia kimekwisha kuharibiwa. Kwa hiyo p16 si mkosaji. Ni nyayo za mkosaji. Wakati huohuo E6, protini nyingine ya virusi, huipeleka p53, protini inayoilinda seli isigeuke saratani, kuharibiwa. Saratani za koo zitokanazo na tumbaku hufuata njia tofauti: huko mara nyingi jeni ya p53 yenyewe imeharibika, na p16 hupotea badala ya kurundikana.

Hapa kuna mambo mawili yanayohitaji umakini. La kwanza ni kwamba jibu la chanya lina masharti: angalau asilimia 70 ya seli za saratani ziwe zimeshika rangi, kwa nguvu ya wastani au zaidi, katika kiini na nje ya kiini. Jibu lililoandikwa “p16 chanya” pasipo asilimia hurudishwa maabara, nasi tulilirudisha. Mpatholojia aliangalia upya akaandika zaidi ya asilimia 80, rangi kali, kiini na nje ya kiini. La pili ni kwamba p16 ina maana hii ya ubashiri kwa saratani za tonsili, shina la ulimi na maeneo jirani nyuma ya kinywa tu. Kwa saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti), ambayo nayo watu huiita saratani ya koo, haitumiki kupanga hatua ya ugonjwa, na ndugu wa wagonjwa wa zoloto wanaoambiwa walipie kipimo hicho kwa matumaini ya jibu jema wanatumia fedha ambayo ingefaa kwa nauli na chakula cha wiki za mionzi.

Uzito wa protini hii unaonekana katika kupanga hatua. Kwa utaratibu wa toleo la 8 la mwongozo wa kimataifa, unaotumika tangu 2018, mgonjwa huyu akiwa na p16 chanya yuko hatua ya kwanza. Mwili uleule, uvimbe uleule, tezi ileile ya sentimita 4, lakini p16 ikiwa hasi, anakuwa hatua ya nne A. Sijui kipimo kingine katika kliniki yetu ambacho kwa jibu moja humhamisha mtu umbali wote huo. Msingi wake ni matokeo kama yale yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010, ambapo kati ya wagonjwa wa saratani za nyuma ya kinywa waliotibiwa kwa mionzi na sisplatini, dawa ya saratani inayotolewa kwa dripu, waliokuwa na HPV walikuwa hai baada ya miaka mitatu kwa asilimia 82.4, na wasio na HPV kwa asilimia 57.1.

Hata hivyo hatukuishia kwenye p16. Uchambuzi mkubwa wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa majibu ya p16 na ya HPV yenyewe hupingana kwa asilimia 9.2 ya wagonjwa, na kwamba wale wenye p16 chanya lakini HPV hasi waliishi miaka mitano kwa asilimia 54.7, ilhali waliokuwa chanya kwa vyote viwili walifikia asilimia 81.1. Mpingano huo huwa mwingi zaidi mahali ambapo saratani za koo za HPV ni chache. Kusini mwa Sahara saratani nyingi za koo zinazochunguzwa hazina HPV, kwa hiyo p16 chanya ya Dar es Salaam haiwezi kupewa uzito uleule wa p16 chanya ya Stockholm bila kuthibitishwa. Tuliomba kipande kilekile cha kinyama kipimwe vinasaba vya virusi. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilisema HPV aina ya 16.

Mke wake alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake: hawa virusi, si ndio wale wa mlango wa kizazi? Ndio wale. Wasichana wetu wanachanjwa dhidi yao kitaifa tangu mwaka 2018. Tulimweleza kwamba maambukizi haya huwapata watu wengi sana, kwamba wengi huyaondoa mwilini bila kujua, na kwamba saratani huweza kutokea miongo mingi baada ya maambukizi, hivyo jibu la maabara halisemi lolote kuhusu mwenendo wa mtu kwa miaka ya karibuni. Naye akashauriwa kuendelea na uchunguzi wa kawaida wa mlango wa kizazi kama mwanamke mwingine yeyote. Mazungumzo haya yafanyike kwa faragha na kwa muda wa kutosha. Nimeona ndoa zikitikiswa na karatasi ya maabara iliyokabidhiwa mlangoni.

Protini nyingine zilizoombwa

Ndugu yao aliye nje ya nchi alikuwa ametuma orodha ya vipimo: EGFR, ERCC1 na PD-L1. EGFR, protini inayopokea ishara za kukua kwa seli, hupatikana kwa wingi katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kichwa na shingo, kwa hiyo kuikuta hakumtofautishi mgonjwa na mwenzake. ERCC1 ni protini inayosaidia seli kukarabati vinasaba vilivyobanwa na sisplatini, na kwa miaka kadhaa ilitarajiwa ingetuambia nani atanufaika na dawa hiyo. Mwaka 2013, katika saratani ya mapafu, ilionekana kwamba kingamwili zilizotumika kuipima hazikuweza kulitofautisha umbo lake linalofanya kazi na maumbo mengine. PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kujificha kutoka kwa kinga ya mwili, ina kazi ya kweli, lakini kazi yake kubwa ni kwa ugonjwa uliorudi au kusambaa, katika kuamua juu ya dawa kama pembrolizumabu. Kwa mzee wetu hakuna kati ya hizo ambayo ingebadili matibabu, nasi tuliwaambia hivyo waziwazi.

“Hiyo dripu ya nini?”

Baada ya jibu la HPV, mdogo wake mgonjwa alikuja na swali la haki kabisa. “Dokta, kama hiyo protini inasema kaka atapona, hiyo dripu kali ya nini tena? Si apigwe mionzi peke yake?” Wenzetu wawili katika kikao cha matibabu walikuwa na wazo linalokaribiana na hilo.

Wazo la kupunguza ukali wa matibabu kwa wagonjwa wenye HPV limejaribiwa kwa umakini mkubwa. Tafiti mbili zilizotoka pamoja mwishoni mwa 2018, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza na washirika wake, ziliwapa baadhi ya wagonjwa setuksimabu, dawa ya kingamwili inayoilenga EGFR, badala ya sisplatini kwa kutumaini kwamba madhara yangepungua. Katika ule wa Uingereza, waliopata sisplatini walikuwa hai baada ya miaka miwili kwa asilimia 97.5, na waliopata setuksimabu kwa asilimia 89.4. Waliosaidiwa na sisplatini kuishi zaidi ni hawahawa wenye protini nzuri. Kwa maneno mengine, p16 ilitabiri kwamba mgonjwa atakwenda vizuri akipata matibabu kamili, na haikusema kwamba atakwenda vizuri akinyimwa sehemu yake. Huu ndio mkanganyiko ninaoukuta mara nyingi zaidi, hata kwa madaktari: kiashiria cha mwelekeo wa ugonjwa kinachukuliwa kama ruhusa ya kuchagua dawa.

Hivyo sisplatini ilibaki. Ndipo swali la masikio likawa zito.

Masikio kabla ya dripu ya kwanza

Sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ni dawa inayoumiza masikio kwa kiwango ambacho hatupaswi kukizoea. Inapofika kwenye koklea, ule mfereji uliojisokota wa sikio la ndani, huingia katika seli nywele za nje na kuzalisha kemikali zinazoziua. Seli hizo hazioti tena. Huanza kufa zile za mwanzo wa koklea zinazopokea sauti nyembamba, kisha uharibifu hupanda kuelekea sauti za mazungumzo. Huwa kwa masikio yote mawili, na mara nyingi huambatana na mvumo. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2017 kwamba platini hubaki ndani ya koklea kwa miezi na hata miaka, wakati viungo vingine vingi vimekwisha kuitoa. Ndiyo maana kipimo kimoja baada ya dozi ya mwisho hakitoshi.

Katika kipimo cha usikivu, hezi huonyesha wembamba wa sauti, na desibeli zikiwa nyingi usikivu umepungua. Kipimo cha mzee kabla ya dawa kilionyesha desibeli 15 hadi 20 kwa sauti za hezi 250 mpaka 3000, yaani usikivu wa kawaida. Kisha 35 kwa hezi 4000, 45 kwa 6000 na 55 kwa 8000, masikio yote mawili yakifanana. Amekulia kwenye mashua za injini, kwa hiyo tulifikiria kelele kwanza. Lakini kelele kwa kawaida huchimba shimo karibu na hezi 4000 na mstari kupanda tena kwenye 8000, na mstari wake uliendelea kushuka. Juu ya 8000, ambako mashine yetu inaweza kupima, hakusikia kitu. Streptomaisini hupendelea kuharibu mizani ya mwili, na kule kuyumba kwake gizani ni ushahidi tosha, ila masikio nayo haiyaachi salama.

Hili ndilo jambo la kitaalamu lililonifikirisha zaidi katika kisa chote. Kwa mgonjwa mwenye masikio mazima, sauti zile nyembamba sana za juu ya hezi 8000 ndizo zinazokufa kwanza, hivyo hutupa onyo kabla mazungumzo hayajaguswa. Kwa mgonjwa huyu eneo la onyo lilikuwa limekwisha kuliwa na sindano za TB. Kila desibeli ambayo sisplatini ingechukua ingetoka moja kwa moja katika sauti anazotumia kufanyia kazi. Nchini kwetu wapo watu wengi waliowahi kuchomwa sindano za namna hii kwa ajili ya TB, na swali la kuwatambua ni fupi: “Umewahi kuugua TB ukachomwa sindano?” Lingeweza kuongezwa kwenye fomu ya kuanzia dripu bila gharama yoyote.

Tulitafakari njia za kinga. Sodiamu thiosalfeti iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watoto wenye saratani zisizosambaa. Katika utafiti wa watoto wenye saratani ya ini, waliochomwa dawa hiyo saa sita baada ya sisplatini walipoteza usikivu kwa asilimia 33, na ambao hawakuipata kwa asilimia 63. Kwa mtu mzima mwenye saratani ya koo haijathibitishwa, na hofu ya kuikinga saratani pamoja na sikio bado ipo. Upande wa protini nako kuna matumaini: prestini, protini ya seli nywele za nje iliyotambuliwa mwaka 2000, inachunguzwa katika damu kama dalili ya mapema ya uharibifu. Kliniki haijaifikia. Kilichobaki kilikuwa kuchagua namna ya kutoa dawa, kupima mara kwa mara, na kuziweka mbali dawa nyingine zinazoumiza masikio.

Dozi kubwa ya miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, inayotolewa kila baada ya wiki tatu, ndiyo yenye ushahidi wa miaka mingi zaidi, na ndiyo inayoumiza masikio zaidi. Kuigawa kwa wiki kunahitaji uangalifu: utafiti wa Mumbai wa mwaka 2018 uliotumia miligramu 30 kwa wiki ulidhibiti ugonjwa kwa asilimia 58.5 baada ya miaka miwili, dhidi ya 73.1 kwa dozi kubwa. Lakini Wajapani walionyesha mwaka 2022 kuwa miligramu 40 kwa wiki haizidiwi na dozi kubwa, na madhara ya masikio yalikuwa machache. Wagonjwa wao walikuwa wametoka kufanyiwa upasuaji, tofauti na wetu, na tuliliandika hilo katika kumbukumbu za kikao. Tulichagua miligramu 40 kwa wiki, pamoja na mionzi ya grei 70 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa siku 35 za matibabu, huku mpangaji wa mionzi akiombwa kuilinda koklea ya kushoto kadiri iwezekanavyo.

Mwenendo wa matibabu

Dripu tatu za kwanza zilikwenda salama, kila moja ikitanguliwa na maji mengi yenye magnesiamu. Kipimo cha usikivu baada ya dripu ya tatu kilionyesha 60 kwa hezi 6000 na 70 kwa 8000. Hezi 4000 ilikuwa 40. Kwa vigezo vinavyotumika sana tangu 1994, kushuka kwa desibeli 10 kwenye sauti mbili zinazofuatana kunatosha kusema dawa imegusa masikio. Hapa zilikuwa 15 na 15.

Wiki ya nne akapata homa, chembe nyeupe zikiwa chini, akalazwa wodini. Usiku huo gentamaisini iliandikwa katika jalada, kwa sababu ni dawa iliyozoeleka, iliyopo, na nafuu. Muuguzi wa zamu alikuta juu ya jalada karatasi nyekundu tuliyobandika siku ya kwanza, yenye herufi kubwa: ASIPEWE GENTAMAISINI, AMIKASINI WALA FUROSEMAIDI BILA KUULIZA KLINIKI YA MASIKIO. Akapiga simu. Mgonjwa alipewa seftriaksoni na homa ikashuka. Namshukuru muuguzi yule kwa dhati, kwani sisplatini na gentamaisini zikikutana katika masikio yaliyokwisha kuguswa hufanya kwa siku chache kazi ambayo moja pekee ingeifanya kwa miezi. Karatasi ile nyekundu ni ya kawaida kabisa, inakatwa kwa mkasi.

Dripu ya nne ikasogezwa wiki moja, mionzi ikiendelea. Kabla ya ya tano tulikaa na mgonjwa, mke wake na mdogo wake, mchoro wa usikivu ukiwa mezani. Tulimweleza kwamba jumla ya miligramu 200 kwa mita ya mraba ndiyo ambayo wataalamu wengi huiona kuwa inatosha kuleta faida ya dawa, na kwamba amefikia 160. Ilikuwa lazima achague akijua. Aliomba ya tano itolewe na tuishie hapo.

Wiki ya mwisho ya mionzi alilalamika kuwa sikio la kushoto limeziba kabisa. Ilikuwa rahisi kulihesabu hilo kama deni jingine la sisplatini, lakini kipimo cha kiwambo kilionyesha maji nyuma ya ngoma, na usikivu wa kupitia mfupa ulikuwa mzuri kuliko ule wa kupitia hewa. Mionzi ilikuwa imevimbisha njia inayounganisha sikio na nyuma ya pua. Maji yale yalikauka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Naeleza hili kwa sababu upungufu wa namna hiyo hutibika, na mgonjwa anayeambiwa kwamba masikio yake “yameliwa na dawa” bila kupimwa huondoka na ulemavu ambao hakupaswa kuwa nao.

Miezi mitatu baadaye

Tezi ya shingo imetoweka katika picha, na tonsili ni laini. Usikivu umetulia kwenye desibeli 20 kwa hezi 2000, 40 kwa 3000, 55 kwa 4000, na 75 kwa 8000. Kwa karatasi ni upungufu unaoitwa wa sauti nyembamba. Kwa dalali maana yake ni hii: nilifunika mdomo kwa karatasi nikamtajia bei kwa sauti ya kawaida, kama mchuuzi anavyojibu kwenye mnada. “Elfu sita.” Akarudia, “Elfu tisa.” Nikasema “fika”, akasikia “pika”, nikasema “shusha”, akasita. Irabu zote anazipata, kwa sababu zinakaa kwenye sauti nzito ambazo dawa haikuzifikia, lakini s, f, sh na t zinakaa huko juu, na “sita” na “tisa” zikiondolewa konsonanti hubaki na irabu zilezile. Mnadani, kati ya bei hizo kuna elfu tatu, na kuna ugomvi.

Alivalishwa visaidizi vya kusikia vilivyopangwa kuongeza sauti nyembamba peke yake, masikio yote mawili, bila kuziba njia ya sikio. Chumbani alitofautisha “sita” na “tisa” kwa wingi wa majaribio. Sokoni, penye upepo, injini na watu wanaonadi kwa pamoja, havimtoshi, kwa hiyo amewaomba wateja wake waoneshe bei kwa vidole, na kijana wake husimama upande wa pili wa meza kuthibitisha. Amerudi kazini.

Mwenzangu mmoja katika kikao hakubaliani na uamuzi wetu hadi leo. Anasema baada ya kipimo cha dripu ya tatu tungebadili tukampa dosetakseli, dawa nyingine ya saratani, na anao ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2023, pia wa Mumbai, kwa wagonjwa wasiofaa kupewa sisplatini, ambao dosetakseli kila wiki pamoja na mionzi iliwaacha asilimia 42 bila ugonjwa baada ya miaka miwili, dhidi ya 30.3 kwa mionzi pekee. Jibu langu ni kwamba utafiti ule uliilinganisha dosetakseli na mionzi mitupu, haukuilinganisha na sisplatini, na kwamba kwa mgonjwa mwenye HPV tumeshaona kinachotokea sisplatini inapobadilishwa kwa matumaini. Lakini nakubaliana naye kwamba mpaka wa kusimamisha dawa ulipaswa kuandikwa kabla ya kuanza. Mimi ningeuweka kwenye hezi 3000: sauti hiyo ikishuka kwa desibeli 15 kutoka ilipoanzia, sisplatini isimame, hata kama miligramu 200 hazijafika. Kwa mzee huyu 3000 ilikuwa bado 20 kabla ya dripu ya tano, na ilifika 35 baada yake, kabla ya kufika 40 ya miezi mitatu. Mwenzangu angeuweka kwenye 4000, na kwa kipimo chake dripu ya nne ingekuwa ya mwisho. Tumekubaliana mgonjwa apimwe tena mwezi wa sita, wa 12 na wa 24, kwa kuwa platini bado imo ndani ya koklea, na kwamba mgonjwa anayefuata mwenye historia ya sindano za TB ataingia kikaoni mpaka huo ukiwa umeandikwa katika jalada lake kabla ya dripu ya kwanza.